Siku Tulipofungua Zawadi za Harusi Kuzima Moto

Vijana wa kikosi, mlinisumbua mpaka nikakubali. Mlisema, "Madam, andika kitu kabla hujasahau." Nisahau nini? Ninyi ndio mliosahau kufunga mfereji nyuma ya ofisi wiki nzima, na maji ndiyo kazi yenu. Lakini haya, nimestaafu, mbuzi wamekula, nyumba imenyamaza, wacha niandike.

Vyeo sitavitaja. Anayetaka kujua nilipandishwa lini aende akasome faili yangu, kama panya wamebakisha. Nitawaambia habari za simu, za ubao, na za kipande kimoja cha shaba ambacho karibu kiniaibishe mbele ya wageni mia tano na keki ya ghorofa nne.

Niliajiriwa kikosi cha zima moto Nakuru kama mpokea simu. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, kwa sababu niliambiwa ni kazi ya ofisini. Kiongozi wa zamu alikuwa Mzee Barasa, mtu mrefu, mkimya, aliyekunywa chai ikiwa bado inachemka. Aliniketisha kwenye meza, akanionyesha simu kwa kidole. "Hii ikilia, shika." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yote.

Saa nne asubuhi ikalia. Mwanamke alipiga kelele, "Moto! Moto! Kujeni haraka!" Na mimi nikapiga kelele, "Tunakuja!" nikakata simu. Nikatoka mbio na visigino vyangu, nikagonga kengele. Wanaume wakaruka kwenye gari, injini ikanguruma, lango likafunguliwa, dereva akatoa kichwa dirishani.

"Wapi?"

Nilimwangalia. Akaniangalia.

"Hakusema," nikajibu.

Mzee Barasa hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alishuka kwenye gari polepole, akaingia ofisini, akaketi kando ya simu na kikombe chake. "Atapiga tena," akasema. "Wa moto hupiga tena." Na kweli akapiga. Lilikuwa ni jiko la makaa huko Lanet, na walikuwa wameshalizima kwa maji ya kufulia. Simu ya pili ilikuwa ya kutuuliza kwa nini hatujafika.

Jioni hiyo Mzee aliniambia neno moja ambalo mmelisikia kutoka kwangu mpaka mkachoka. "Nyambura, usiulize kuna nini. Uliza: umesimama wapi, na unaona nini ukiangalia mbele?" Mimi nimeliuliza swali hilo miaka yote, na majibu niliyopewa yanatosha kitabu. Watu wa huku kwetu wakisema "hapo tu mbele" wanaweza kuwa wanamaanisha hatua kumi au kilomita nane. Kuna mtu wa Gilgil aliniambia, "Ukifika pale palikuwa na mti, kata kushoto." Palikuwa! Nilituma gari la tani kumi na mbili kwenda kutafuta mti uliokatwa.

Siku hizo ubao wetu wa kupangia magari ulikuwa wa mbao kweli, umechorwa barabara kutoka Nakuru mpaka Naivasha, na magari yalikuwa ni vifuniko vya soda. Chekundu, Mwingereza. Cheusi, Mjapani. Cha kijani, Mjerumani. Tuliyaita hivyo kwa sababu kila gari lilikuwa zawadi kutoka nchi yake, na kila nchi ilikuwa na akili zake kuhusu namna ya kuunganisha mpira wa maji na mwenzake. Mpira wa Mwingereza unasukumwa ndani mpaka ulie tak. Mpira wa Mjerumani una kucha mbili, unazungushwa. Wa Mjapani nao unasukumwa, lakini una tabia zake. Maji ya huyu hayangeingia kwenye mpira wa yule hata yaombewe. Mnaweza kuwa na magari matatu kwenye moto mmoja, na kila mmoja anamwaga kivyake kama majirani waliokosana.

Ndipo Mzee Barasa akaenda kwa fundi wa jua kali, akamchorea mahitaji yake kwenye katoni, akatengenezewa adapta. Kipande cha shaba, kama mkate mdogo wa duara wenye tundu katikati. Upande mmoja una kucha, upande wa pili unasukumwa. Kilo mbili. Aliibeba kwenye mfuko wa chakula chake cha mchana pamoja na ugali. Gari likikwama linaita, Mzee anafika, anafungua mfuko, anaunganisha nchi mbili, anarudi kwenye chai.

Alipostaafu alinipa mimi. Mbele ya wanaume wote, mimi mpokea simu. "Hii usiiweke kwenye gari," akaniambia. "Ikiwekwa kwenye gari itauzwa skrapu kabla ya Ijumaa. Ikae na mtu anayeongea."

Basi ikakaa na mtu anayeongea. Kwa miaka na miaka nilibeba kilo mbili za shaba kwenye mkoba wangu. Bega la kushoto likashuka, fundi wangu wa nguo akawa anakata mkono mmoja mrefu kuliko mwingine bila kuuliza. Askari wa mlango wa supamaketi alikuwa akiuliza kila Jumamosi, "Mathe, hii ni nini?" Kanisani mkoba ulianguka katikati ya maombi, mchungaji akasema amina kabla hajamaliza. Na nitasema ukweli, kwa sababu sasa hakuna wa kunifuta kazi: nilipenda. Nilipenda ile redio inaposema, "Madam, mpira haushikani, lete ile kitu." Moto wa mbao Gilgil, moto wa ghala la mahindi Njoro, ni mimi nashuka kwenye gari na mkoba wangu, na wanaume wananipisha njia. Hakuna mtu aliyewahi kunipisha njia mahali pengine popote.

Sasa tuje kwenye ile siku.

Mzee Barasa alikuwa amehamia Naivasha, mtaa wa Kihoto, akajenga karibu na ziwa kwa sababu alisema ameishi na moto vya kutosha. Ziwa likafura, likaingia nyumbani. Akajenga nyingine juu kidogo. Ziwa likamfuata. Ya tatu akaijenga juu zaidi, ya mbao na mabati, msingi wa mawe mpaka kiunoni, mgongo wake ukigusana na ua wa hoteli moja ya kando ya ziwa. "Hii ni ya mwisho," aliniambia. "Pensheni imeisha, na magoti pia." Juu yake kukawa na mstari mrefu wa majirani, wote mbao na mabati, wote wamekimbia maji.

Hoteli yenyewe ilikuwa vituko. Mwenyewe alitaka ifanane na Mombasa. Alimwaga mchanga ufukweni akauita bichi. Akaweka minazi ya simiti. Akaleta makuti kwa lori kutoka Pwani akaezeka jikoni na ukumbi wa chakula. Makuti yale yalisafiri siku mbili kuja kukauka Naivasha.

Mjukuu wa Mzee, Neema, akaamua kufanya harusi yake hapo, na mimi nikachaguliwa katibu wa kamati. Sasa, mnajua kamati zetu. Tulikutana Jumapili kumi na moja. Tulibishana juu ya rangi ya vitambaa vya viti mpaka watu wawili wakajiuzulu. Mkutano mmoja ulipitisha mambo mawili. La kwanza, akina mama wa kamati tuvae kitenge sare na tubebe pochi ndogo ya dhahabu, kila mmoja. La pili, zawadi zote zikifika langoni zifungwe kwa karatasi moja ya rangi ya fedha, ili picha zipendeze. Kuna aliyeuliza, je, tutazijuaje? Akajibiwa kwamba si kazi yetu kuzijua. Mimi ndiye niliyeandika hayo yote kwa mkono wangu, nikapiga mstari chini.

Asubuhi ya harusi nilisimama mbele ya kioo na pochi ile ya dhahabu. Ilitosha leso na peremende. Adapta haikuingia hata kucha moja. Na mkoba wangu wa kila siku na kile kitenge, jamani, havikupatana. Sikuwa kazini siku hiyo. Lakini kuiacha nyumbani sikuweza, sijawahi. Zawadi yangu ilikuwa seti ya sufuria, ile ya moja ndani ya nyingine. Nikafungua ndogo kabisa, nikaweka adapta ndani, nikafunika. Nilijiambia nikifika nitaitoa.

Nilipofika langoni nikaitwa kuhusu maua. Kisha nikaitwa kuhusu kwaya. Niliporudi meza ya zawadi, sufuria zangu zilikuwa zimegeuka fedha, na zimepangwa katikati ya fedha nyingine mlima mzima. Nikasema, hakuna shida, itachukuliwa jioni. Siku moja tu, ni nini kinaweza kutokea?

Saa tisa alasiri, emsii akiwa anawaita wajomba wa bibi harusi, mafuta ya mandazi jikoni yakashika moto. Moto ukaruka kwenye makuti. Yale makuti hayakuungua, yaliondoka! Kabla emsii hajamaliza jina la mjomba wa pili, jikoni hakuna paa na ukumbi umeshika. Wapishi walitoka wote, nikawahesabu mwenyewe, tisa, mmoja bado ana mwiko mkononi.

Mnajua upepo wa Naivasha alasiri. Unatoka ziwani, unaenda juu. Na juu ni ua wa hoteli, na nyuma ya ua ni nyumba ya Mzee Barasa, na nyuma ya nyumba ya Mzee ni Kihoto. Vipande vya makuti vilikuwa vinaruka ua vikiwa vimewaka. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha heshima, suti ya kahawia, ua kifuani, anaangalia paa lake. Hakusimama. Alikunja tu mikono.

Nilipiga simu Nakuru. Naserian ndiye alikuwa zamu, msichana niliyemfundisha mwenyewe.

"Moto!" nikasema. "Naserian, tuma magari, haraka!"

"Madam," akasema kwa utulivu kabisa, "umesimama wapi, na unaona nini ukiangalia mbele?"

Ningemchapa kofi. Nikajibu, "Nimesimama kwa keki. Naona hoteli yote ya makuti kando ya ziwa inaungua, na Kihoto ndiyo inafuata." Akarudia kila neno, akakata simu, akafanya kazi yake. Nilijisikia vizuri kwa nusu dakika.

Gari letu la Naivasha, Mjapani, lilifika kwanza na Kiprop kama kiongozi, likakutana na magari ya wageni yamefunga njia yote ya lango. Nikamnyang'anya emsii maikrofoni. Ninyi mnajua mtu akitangaza namba ya gari kwenye harusi hakuna anayesikia, kila mtu anadhani ni la mwingine. Basi sikutaja namba. Nikasema, "Gari la zima moto linaingia sasa hivi na halina breki." Nilimwona mchungaji akikimbia na joho lake lote. Kwa dakika mbili njia ikawa nyeupe.

Likaingia pia gari la shamba moja la maua hapo karibu, Mjerumani, lenye pampu kubwa inayoweza kunywa ziwa mchana kutwa. Na hapo ndipo ilipokuwa hesabu yote ya siku ile, iwekeni kichwani. Mjapani ana mipira mirefu inayofika kwenye ua, lakini maji yake ni ya dakika tano. Mjerumani ana ziwa zima, lakini mpira wake mfupi unaishia kwenye minazi ya simiti. Ukiwaunganisha, Kihoto imepona.

Wakati huo niliwapanga wageni kwa maikrofoni. "Upande wa bwana harusi, mstari mmoja kutoka ziwani, ndoo! Upande wa bibi harusi, mstari wa pili, sufuria za pilau!" Hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote niliyowahi kufanya kazini, kwa sababu hakuna upande ulikubali kushindwa na mwingine. Akina mama wa upande wa bibi harusi walivua viatu wakaanza kuimba. Upande wa bwana harusi wakasema hao wanaibia, wanajaza nusu. Lakini maji ya ndoo kwa moto kama ule ni ya kuwapa watu kazi. Yalilowesha ua kidogo, basi.

Viboko walikuwa wanachungulia kwenye mafunjo. Watu wa pampu wakaogopa kuingiza mpira wa kunyonya majini. Tena magugu yale ya ziwani yangeziba mdomo wa mpira mara moja. Nikawaambia wauweke ndani ya kreti ya soda, mashimo yale yanachuja, na wawashe muziki, spika zielekezwe ziwani. Viboko wakazama. Didjei mpaka leo anajisifu kwa hilo.

Halafu Kiprop akaja mbio, uso mweusi kwa moshi. "Madam, mipira haishikani. Lete ile kitu."

Nilifungua pochi ya dhahabu. Leso. Peremende.

"Madam?"

Nikageuka, na Mzee Barasa alikuwa amesimama nyuma yangu, fimbo mkononi. Kipande cha makuti kilikuwa kimetua kwenye paa lake na moshi mwembamba umeanza kutoka penye mbao za kona. Alikuwa ameuona. Aliuliza neno lile lile ambalo ningeuliza mimi.

"Iko wapi?"

"Iko kwa zawadi, Mzee."

"Zawadi gani?"

Nikanyoosha kidole kwenye ule mlima wa fedha. Vijana, nimeogopa moto mara nyingi, lakini sijawahi kuogopa kitu kama macho ya yule mzee yakitoka kwenye mlima kuja kwangu.

Nikakimbilia meza. Shangazi Rasoa, mlinzi wa zawadi kwa uamuzi wa kamati, akasimama mbele yangu na mikono imepanuliwa. "Zawadi hazifunguliwi kiwanjani! Zinafunguliwa nyumbani, na watu wa nyumbani! Nyambura, si wewe uliandika?"

"Niliandika, Rasoa. Sasa nafuta."

"Kwa mkutano gani?"

Naapa, aliniuliza hivyo, na nyuma yake ukumbi ukianguka. Aliyetuokoa ni Neema. Alikuja na gauni lake amelikusanya kwapani, miguu mitupu, akachukua zawadi ya kwanza akairarua kwa meno. "Ni zangu," akasema. "Na ile ni nyumba ya babu. Fungueni zote!"

Tukafungua. Unadhani seti ya sufuria ni rahisi kuitambua? Nusu ya Naivasha ilikuwa imeleta sufuria! Seti kwa seti kwa seti, karatasi ya fedha inaruka, akina mama wa kamati wamepiga magoti kwenye nyasi na vitenge vyao sare. Nilikuwa nainua nikipima uzito kwa mkono. Hii nzito? Pasi ya makaa. Hii? Jiwe la kusagia. Hii? Biblia tatu pamoja, kutoka kwa mtu mmoja.

Na emsii, Mungu amsamehe, alikuwa amerudishiwa maikrofoni na hakuweza kujizuia. "Naona blanketi... naona blanketi tena... hii ni saa ya ukutani, ina picha ya mwenye kuitoa..." Kulikuwa na katoni kubwa ya friji. Ilikuwa ya Anko Josphat, ambaye alitangaza friji hiyo mara mbili kwenye kamati na mara moja kanisani. Katoni ilipopasuliwa ikatoka magazeti, magazeti, magazeti, na katikati ya magazeti thamosi ya vikombe vinne. Emsii akanyamaza. Hiyo ndiyo mara pekee alinyamaza siku hiyo. Anko Josphat alikuwa kwenye mstari wa ndoo. Aliendelea kupitisha ndoo bila kugeuka, na nasikia hakuna aliyepitisha ndoo nyingi kumshinda.

"Auntie Nyambura!" Neema akaita. Alikuwa amekalia sufuria, vifuniko vimetapakaa, na mkononi ameshika kipande cha shaba kinachong'aa. "Hii ni ya kupikia nini?"

Niliinyakua, nikakimbia. Mimi, na umri wangu, na kitenge cha kubana. Kwenye minazi ya simiti Kiprop akaipokea kwa pupa, ikakwaruza mnazi, akasukuma upande mmoja, tak, akazungusha kucha upande wa pili. Nikampungia mkono mtu wa pampu. Mpira ukafura, ukatembea kwenye nyasi, na maji ya ziwa yakatoka kwa nguvu ambayo vijana walioshika mdomo wa mpira hawakuitarajia. Mmwagiko wa kwanza ukaenda kwenye keki. Ghorofa nne zikawa mbili, kisha hakuna. Mmwagiko wa pili ukapanda juu ya ua ukatua kwenye paa la Mzee Barasa, na moshi wa ile kona ukageuka mvuke.

Nililia hapo hapo. Siwezi kusema nilikuwa na vumbi machoni. Nililia kwa sauti.

Tulilowesha Kihoto saa nzima. Likaja pia lori la maji la wanajeshi kutoka Gilgil likamalizia ukumbi. Mzee alipoteza banda la kuku, na kuku wenyewe walikuwa wameshaenda kwa majirani. Nyumba ilisimama, na mstari wote nyuma yake ulisimama. Mama mmoja jirani alitoka akalalamika kwamba zulia lake limelowa. Nikajua mambo yamerudi sawa.

Jua likikaribia kuzama, nilienda kumwona Mzee. Alikuwa ameketi nje kwenye msingi wake wa mawe, suti inachuruzika maji, sahani ya pilau mapajani. Nikasimama mbele yake kama siku ile ya visigino.

"Mzee, nisamehe. Ulinipa kitu kimoja tu nikitunze. Nikakiweka kwa sufuria kwa sababu ya pochi."

Akatafuna. Akameza. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani anaumwa. Alikuwa anacheka. Miaka yote niliyofanya kazi naye sikuwahi kumwona akicheka.

"Nyambura," akasema, "hiyo unayobeba ni ya tatu."

"Ya tatu nini?"

"Ya kwanza nilizika. Tulikuwa tunamzika dereva wetu mmoja, nikaiweka kando ya kaburi nishike koleo. Watu wakajaza udongo na mimi nikiwa mmoja wao. Iko naye huko makaburini Bahati. Ya pili mke wangu aliuzia watu wa skrapu pamoja na sufuria mbovu. Hakujua. Nilinyamaza, nikarudi kwa fundi. Fundi ana ile katoni niliyomchorea, ameitundika ukutani. Inachukua nusu siku."

Nilihisi bega langu la kushoto lote, miaka yote.

"Nusu siku? Mzee, kama fundi ana mchoro ukutani, kwa nini hukutengeneza mbili? Kwa nini hukutengeneza kumi, kila gari na yake, imefungwa kwa mnyororo?"

Mzee Barasa akaokota nyama ya mwisho kwenye sahani.

"Hakuna mtu aliniuliza," akasema. "Na walikuwa wananipisha njia."

Sisi wawili tuliifanya shaba ile kuwa kitu cha kubebwa na mtu mmoja, na karibu ituchomee mtaa.

Jumatatu nilikuwa kwa fundi kabla hajafungua. Katoni ilikuwa pale ukutani, imeliwa pembe na mende, mchoro unaonekana vizuri. Nikaagiza kumi na mbili. Leo kila gari lina mbili, zimefungwa kwa mnyororo, hata ile yangu nikaifunga kwa Mjapani, na ninyi mnazitumia bila hata kujua zilitoka wapi. Redio haikuniita tena kwa ajili hiyo. Kwa mwezi mmoja nilitembea nimeinama upande wa kulia, kwa sababu mwili haukuzoea mkoba mwepesi. Na sitawaficha, niliona wivu. Nilikuwa naona mnaunganisha mipira kimya kimya, dakika moja, na hakuna anayepisha mtu. Ni vizuri hivyo. Endeleeni hivyo hivyo, na kitu chochote mnachoambiwa kiko kimoja tu, ulizeni kwa nini.

Siku ya kuniaga mlileta zawadi. Naserian ndiye aliyeibeba, imefungwa kwa karatasi ya fedha, na ninyi nyote mkijaribu kutocheka. Nilipoipokea mkono wa kushoto ukashuka, ukakaa pale pale ulipozoea. Sikuhitaji kufungua. Nilijua ni ile ya tatu, yenye mkwaruzo wa minazi ya simiti, na nilijua nani alienda kuitoa kwenye mnyororo wa Mjapani na kuweka mpya mahali pake. Mlinipigia makofi nikajifanya natafuta leso.

Iko kwenye mkoba wangu. Jumamosi iliyopita askari wa supamaketi aliniuliza tena, "Mathe, lakini hii ni nini?" Nikamwambia ni zawadi ya harusi.